Shomoro Kwenye Mwanzi, Shairi Pembeni: Mwongozo Kamili wa Kuchora Haiga

Wanaojaribu kuchora ndege na maua kwa mtindo wa bunjinga, yaani michoro ya wasomi wa Japani, hukwama palepale. Wino unasambaa mpaka ndege anageuka doa. Majani ya mwanzi yanatoka yamenyooka na kulingana kama meno ya kitana. Halafu shairi linachomekwa mwishoni, popote palipobaki nafasi, nalo linarudia kile ambacho jicho limeshakiona.

Makosa mawili ya kwanza ni ya mkono, na mkono hufundishika. La tatu ndilo linaloua kazi nyingi, ndiyo maana hapa shairi linaanza na brashi inafuata.

Tutafanya picha moja tu: shomoro mmoja, tawi la mwanzi na shairi la mistari mitatu kwenye karatasi moja. Picha ya aina hii huitwa haiga. Bunjin, yaani wasomi hao, wengi waliandika mashairi ya Kichina juu ya michoro yao. Yosa Buson (1716–1784), aliyekuwa mchoraji na mshairi kwa uzito uleule, aliingiza haikai, shairi fupi la Kijapani. Somo ni dogo, lakini usilibadilishe kabla ya kulimudu.

## Vifaa

Karatasi. Tafuta hanshi au gasenshi isiyotiwa dosa. Dosa ni mchanganyiko wa gundi ya ngozi na shabu unaozuia karatasi kunywa wino. Ikiwemo, wino utaelea juu na hutapata ule ukungu laini wa pembeni. Hanshi ina ukubwa wa takriban sentimita 24 kwa 33, inatosha. Anza na karatasi 50, maana nyingi zitaishia kwenye mazoezi. Karatasi ya printa haifai hata kwa majaribio: inakufundisha tabia za wino ambazo hutazikuta kwenye hanshi. Gazeti la zamani ni afadhali kwa kuzoeza mkono.

Mche wa wino (sumi) na jiwe lake (suzuri). Mche ni masizi yaliyokandwa na gundi ya ngozi. Masizi ya mafuta hutoa weusi wenye joto kidogo. Ya msonobari huelekea bluu ukiyazimua. Kwa shomoro chagua ya mafuta. Wino wa chupa unafaa kwa mazoezi, ila usinunue ule wa kalamu za kuchorea wenye shelaki ndani: ukikauka kwenye brashi, brashi imekwenda.

Brashi tatu. Moja ya kati yenye nywele mchanganyiko, laini na ngumu, urefu wa nywele kama sentimita 4. Ya pili nyembamba, kwa jicho, mdomo na miguu. Ya tatu ni ya kuandikia. Ukilazimika kupunguza, punguza hiyo ya tatu.

Rangi moja. Taisha, yaani hudhurungi ya udongo, kwa utosi wa shomoro.

Vitu vya mezani. Kipande cha blanketi la sufu cha kuweka chini ya karatasi, chuma kizito cha kuishikilia, visahani vitatu vyeupe, bakuli mbili za maji (moja ya kuoshea, moja safi) na kitambaa cha pamba. Visahani viwe vyeupe kweli. Kwenye kisahani cha rangi huwezi kuupima wino hafifu.

Muhuri na wino mwekundu mzito (shuniku). Upana wa muhuri usizidi sentimita 1.2. Wa kuchonga kwenye kifutio cha mpira unatosha kwa kuanzia.

## Hatua ya 1: Tunga shairi kabla ya kugusa brashi

Shairi ndilo linaloamua hali ya hewa ya picha, ndege anatazama wapi na nafasi gani iachwe tupu. Ukichora kwanza, utakuwa unatafutia picha maelezo.

Masharti ni matatu: mizani 5, 7, 5, neno moja la msimu, na mkato, yaani mahali ambapo shairi linavunjika vipande viwili visivyofafanuana moja kwa moja.

Kwa mizani, msomaji wa Kiswahili ana bahati. Yeyote aliyewahi kuhesabu mizani nane za kila kipande cha utenzi anajua kwamba *m* ya "mti" ni mizani kamili. Kijapani nacho huhesabu *n* inayosimama peke yake kuwa pigo zima: "Nippon" ina mapigo manne. Kwa hiyo hesabu kama unavyohesabu utenzi, na usidanganywe na macho. Tazama hili:

*Shomoro mmoja*
*ametua mwanzini*
*anatazama*

Lina kasoro mbili. Mstari wa kwanza una mizani 6, maana "mmoja" ni m-mo-ja. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kila neno lake tayari liko kwenye picha. Mtazamaji ataona shomoro, kisha atasoma kwamba kuna shomoro. Sasa linganisha na hili:

*Mlango wazi;*
*chai imeshapoa.*
*Vuli yaanza.*

Hapa hakuna ndege wala mwanzi. Kuna mtu aliyengojewa na hajafika, na mvua inaanza. Weka shairi hili pembeni ya shomoro aliyejikunyata chini ya majani yaliyolegea: ndege atachukua sehemu ya kungoja huko bila kuambiwa, na shairi litapata mwili ambao halikuwa nao. Neno la msimu ni vuli. Wajapani wana vitabu maalumu vya kuorodhesha maneno ya msimu. Wewe una vuli, masika, kaskazi na kusi, na msomaji wako anayajua bila tanbihi.

Waliotunga haikai kwa kupokezana walikuwa wakali juu ya jambo hili. Mstari unaofuata ulitakiwa kuunganishwa na uliotangulia kwa harufu tu, si kwa kamba. Haiga ni kanuni hiyohiyo, isipokuwa mmoja wa wapokezanaji anashika brashi.

Ukifaulu: mpe mtu shairi bila picha, mwambie akisie umechora nini. Akisema "shomoro", rudi ukatunge upya.

## Hatua ya 2: Saga wino na upime mikolezo mitatu

Dondoshea kama nusu kijiko cha chai cha maji safi kwenye sehemu tambarare ya jiwe. Shika mche wima, zungusha polepole bila kukandamiza, dakika 10 hadi 15. Ukikandamiza, unakwangua chembe kubwa zitakazoonekana kama vumbi kwenye wino hafifu. Wino uko tayari pale njia ya mche inapobaki wazi kidogo kabla ya kujifunga.

Gawanya kwenye visahani:

- Uliokolea: ulivyotoka jiweni.
- Wastani: sehemu moja ya wino, sehemu tatu za maji.
- Hafifu: ncha moja ya brashi ya wino kwenye kijiko cha mezani cha maji.

Chora mstari wa kila mkolezo pembeni ya karatasi chakavu na *usubiri ukauke*. Wino hupoteza nguvu unapokauka, kwa hiyo mkolezo unaokupendeza ukiwa majimaji utakuwa umepauka baada ya dakika tano. Ikikauka, mistari yote mitatu itofautishike ukiwa umesimama hatua mbili nyuma.

Onyo: usiache mche umesimama juu ya jiwe, utaganda hapo na kumeguka. Wino wa jana nao chembe zake zimeshagandana. Kwa somo hili umwage.

## Hatua ya 3: Gawa karatasi kwa macho

Weka karatasi wima, upande laini juu. Usipige penseli: kwenye hanshi mstari wa penseli hautoki bila kuchubua nyuzi. Tumia kidole.

Tawi la mwanzi liingie kutoka ukingo wa kulia, chini kidogo ya katikati, lipande kuelekea kushoto. Ndege akae juu ya tawi upande wa kulia, kama theluthi ya karatasi kutoka juu, akitazama kushoto. Sehemu yote anayoitazama ibaki tupu. Shairi litakaa humo, lakini halitaijaza.

Kosa la kawaida ni kumweka ndege katikati kabisa. Akiwa katikati, uwazi unagawanyika vipande vinne vidogo na shairi halipati pa kukaa.

Njia ya uhakika: andika shairi kwenye karatasi nyepesi, likate kwa mkasi, liweke juu ya karatasi tupu. Lisogeze huku na huku. Umbali kati ya shairi na ndege uwe angalau urefu wa ndege mzima.

## Hatua ya 4: Chora shomoro, bila miguu

Kitabu cha Kichina cha mafunzo ambacho bunjin wa Japani walikisoma kwa jina la *Kaishien gaden* (sehemu zake za maua na ndege zilitoka mwaka 1701) kinafundisha kuanza na mdomo, jicho likae usawa wa mdomo wa juu, na kukumbuka kwamba mwili wa ndege hutokana na yai. Fuata mpangilio huo. Mdomo ndio unaoamua ndege anaelekea wapi. Ukikosea, umepoteza mvuto mmoja wa brashi tu, si picha nzima.

Urefu wote, mdomo hadi mkia, uwe sentimita 6 au 7.

Mdomo. Brashi nyembamba, wino uliokolea. Mvuto mmoja kwa mdomo wa juu, mwingine mfupi kwa wa chini. Mdomo wa shomoro ni mfupi na mnene. Ukiurefusha, umechora ndege aitwaye chozi.

Jicho. Nukta nyeusi yenye chembe nyeupe iliyoachwa, si iliyopakwa baadaye. Likiteremka chini ya usawa wa mdomo wa juu, ndege ataonekana mgonjwa.

Utosi. Changanya taisha na wino wa wastani kidogo. Mivuto miwili kutoka juu ya mdomo kwenda kisogoni. Acha shavu jeupe. Shomoro wa Japani ana doa jeusi shavuni na weusi chini ya mdomo. Weka vyote viwili kwa ncha ya brashi rangi ya utosi ikiwa haijakauka kabisa, ili ukingo wa doa ulainike.

Mgongo na mabawa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo twende polepole. Lowesha brashi ya kati yote kwenye wino hafifu, kisha ipanguse kwenye ukingo wa kisahani. Chovya theluthi ya mbele kwenye wastani. Gusisha ncha kwenye uliokolea. Sasa brashi ina mikolezo mitatu, na mvuto mmoja, brashi ikiwa imelazwa ubavu, utatoa bega lenye kivuli chake tayari. Njia hii inahusishwa zaidi na wachoraji wa kundi la Shijō la Kyoto kuliko na bunjin, lakini kiongozi wao Goshun alikuwa mwanafunzi wa Buson, kwa hiyo hatujatoka nje ya ukoo.

Kabla ya kugusa picha, gusa karatasi chakavu. Ukungu wa pembeni ukizidi milimita 3, maji ni mengi. Usipanguse ncha, bana *kisigino* cha nywele kwa kitambaa, pale zinapoingia kwenye mti. Maji hujificha hapo, na ukipangusa ncha peke yake yatateremka katikati ya mvuto.

Mivuto miwili kwa mgongo, mitatu kwa bawa. Wakati bado pabichi, tia michirizi minne au mitano ya wino uliokolea. Mkia ni mivuto miwili ya haraka.

Kifua na tumbo. Mstari mmoja wa wino hafifu, wa mviringo. Ndani yake ni karatasi tupu. Kwa kuwa shairi letu ni la mvua, mpe tumbo la duara, manyoya yametuna. Shomoro aliyetuna kwa baridi ni somo maarufu Japani, tena ni rahisi zaidi, kwa sababu duara husamehe makosa ya shingo.

Ukifaulu: ziba mwili kwa kiganja, acha kichwa. Bado ujue anatazama wapi.

## Hatua ya 5: Mwanzi, kisha miguu

Shina kwanza, kwa wino wa wastani. Laza brashi, sukuma kwa mkono mzima na si kiganja. Kila pingili: bonyeza, vuta, bonyeza, inua. Acha milimita 2 wazi, anza pingili inayofuata. Pingili zisilingane urefu. Shina likipita nyuma ya ndege, liruke mwili wake na uendelee upande wa pili. Usipitishe wino juu ya tumbo.

Vifundo baadaye: kimstari kilichopinda cha wino uliokolea kwenye kila uwazi, shina likiwa limekauka nusu. Likiwa bichi, kifundo kitavimba. Likikauka kabisa, kitaonekana kimebandikwa.

Majani ni mvuto mmoja kila moja: gusa, bonyeza, inua ukiwa bado unatembea. Ncha inachongoka kwa sababu mkono haukusimama. Ukisimama kabla ya kuinua, jani litaishia na kichwa cha mviringo kama kiberiti.

Mwelekeo hutoka kwenye shairi. Mwanzi wa siku ya jua huinua majani. Wa mvua huyalegeza, yote yakielekea chini. Tuna vuli, basi yalegee. Yapange kwa mafungu ya matatu au manne, la kati likiwa refu kuliko wenzake. Majani 9 hadi 12 kwa picha nzima. Fungu la karibu liwe la wino uliokolea, la nyuma la hafifu. Majani yasikutane yote kwenye nukta moja, maana utapata nyota, na jani lolote lisielekeze ncha yake kwenye jicho la ndege.

Sasa miguu. Inakuja mwisho kwa sababu haiwezi kushika kitu kisichokuwepo. Brashi nyembamba, wino uliokolea, karibu kavu. Kila mguu ni kimstari kifupi na vidole vitatu vinavyozunguka tawi; cha nyuma hakionekani. Ukimwona ndege anaelea, tatizo mara nyingi si miguu bali tumbo lililo juu mno ya tawi. Ndege mwenye baridi hulikalia tawi.

## Hatua ya 6: Andika shairi

Subiri picha ikauke, nusu saa hivi. Tumia wino uleule. Wino mwingine una weusi mwingine na jicho litaona mshono.

Maandishi ya Kijapani hushuka kutoka juu, mistari ikienda kulia kwenda kushoto, na kila mstari unaweza kuanzia urefu tofauti. Usiige kwa kupanga herufi za Kilatini moja chini ya nyingine: zinasomeka kama bango la duka. Andika mistari mitatu ya kulala, kila mmoja ukiingia ndani kidogo kuliko wa juu yake. Anayejua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ana nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa mwandiko ule unaunganika kwa mkunjo mmoja na unakubali kunenepa na kukonda.

Herufi zisizidi urefu wa kichwa cha ndege. Chovya brashi mwanzoni mwa mstari wa kwanza, usichovye tena mpaka mkato. Wino utakonda kadiri unavyoandika, na unapochovya upya kwenye "Vuli" neno litatoka jeusi. Mkato wa shairi umeonekana bila alama yoyote.

Onyo: usiandike kwa mwandiko wako mzuri wa harusi. Mapambo ya herufi hushindana na majani.

## Hatua ya 7: Jina na muhuri

Jina fupi, dogo kuliko shairi, chini yake. Gongagonga muhuri kwenye shuniku mara tatu nne badala ya kuukandamiza; rangi ikiingia kwenye mifereji, herufi zinazibika. Weka karatasi tano chini, shusha muhuri, egemeza kidogo pande zote nne, hesabu tatu, inua wima.

Huo ndio wekundu pekee kwenye picha, na jicho litaukimbilia. Ukiuweka karibu na ndege, ndege amekufa. Funika kwa karatasi laini na usiuguse kwa siku kadhaa, kwa sababu mafuta ya shuniku hukauka taratibu.

## Picha imekamilika lakini haivutii: kagua haya

Kila kitu ni kijivu. Uliogopa wino uliokolea. Mdomo, jicho, vifundo na fungu moja la majani lazima viwe vyeusi kabisa.

Ukungu umezunguka mwili mzima. Maji kwenye kisigino cha brashi, au umerudia mvuto juu ya mvuto. Gasenshi haisamehi kurudia; kila mguso wa pili unasukuma wa kwanza nje.

Ndege mzuri, picha imekufa. Hesabu majani. Yakifika 20, chora upya ukiwa na 9.

Shairi linaonekana la mtu mwingine. Soma tena Hatua ya 1. Mwaka 1777 Buson aliandika kwamba haikai hutumia maneno ya kawaida ili kuuacha ukawaida, na dawa aliyoagiza ilikuwa kusoma mashairi zaidi, si kununua brashi. Shairi lako likiwa na "uzuri", "amani" au "maumbile", toa neno hilo, weka kitu kinachoshikika: sufuria, ndala, tiketi ya basi.

## Ukiwa tayari kubadili somo

Badilisha kimoja kwa wakati. Kwanza shairi tu, shomoro abaki: mpe la kiangazi, uone majani yanavyolazimika kuinuka. Kisha mmea. Ndege awe wa mwisho.

Jozi za Kijapani za ndege na mimea zina msimu wake tayari: uguisu (ndege mdogo mwimbaji) na maua ya ume (mti wa jamii ya plamu) ni mwanzo wa majira ya kuchipua, bata bukini na matete ni vuli yao, kunguru na tawi kavu ni jioni ya vuli hiyohiyo, jozi ambayo shairi moja la Bashō (1644–1694) limeifunga mpaka leo. Ukichukua jozi hizo, usirudie msimu kwenye shairi, kwa kuwa picha imeshautaja. Hapo mizani zako zote 17 ziko huru kwa jambo jingine.